Picha ya Cheti Ndani ya Kivinjari: Ijue Njia Yake na Mahali Inapolala

Maandishi ya mazungumzo na wakazi wa Kata ya Makole, Jiji la Dodoma



 Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya picha. Si picha za harusi wala za mahafali, ingawa nazo zina thamani yake. Picha tuliyoikusudia leo ni ile ya cheti cha kuzaliwa, ya kitambulisho cha Taifa, ya cheti cha kidato cha nne au ya hati ya kiwanja. Picha ambayo mwananchi huipiga kwa simu yake, akaibadili aina ndani ya kivinjari ili ikubalike katika fomu ya maombi, kisha akaiacha humo humo akiamini kuwa imehifadhika.

Jambo hili linaugusa mji wetu kwa namna ya pekee. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, wengi wamekuja hapa kutafuta kazi, masomo na huduma za ofisi kuu. Lakini ofisi zenyewe, nazo, zimehama kwa namna nyingine. Maombi ya kazi serikalini hupelekwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa njia ya mtandao. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu mtandaoni, na cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA kwa njia hiyo hiyo. Maombi ya pasipoti huanzia mtandaoni. Kijana aliyepanga chumba hapa Makole hasimami tena dirishani akiwa na bahasha ya kaki. Dirisha limehamia kwenye kioo cha simu yake, na kile kilichokuwa ndani ya bahasha sasa ni picha.

Bahasha ya kaki tulijua kuitunza. Iliwekwa chini ya godoro au ndani ya sanduku, na hakuna aliyempa mpita njia aende nayo. Picha ya cheti hatujajifunza bado kuitunza hivyo. Hilo ndilo lililotuleta.

Binti na dirisha lililofungwa

Tuanze na kisa kimoja, bila kutaja jina la mhusika wala la ofisi aliyokuwa akiomba. Alitujia binti mmoja siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kazi. Vyeti vyake halisi vilikuwa Kondoa kwa mama yake, kwa kuwa aliogopa kuvipoteza mjini. Alikuwa amevipiga picha, akafungua ukurasa mmoja katika kivinjari, akazigeuza picha kuwa PDF, na ukurasa ukamwandikia kuwa kazi yake imehifadhiwa. Kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa, akafuta picha za awali. Siku mbili baadaye mdogo wake aliiazima simu, naye, kwa nia njema ya kupunguza mzigo, akafuta data ya kuvinjari. Binti alipoufungua ukurasa ule tena, ulikuwa mtupu kama siku ya kwanza.

Akampigia mama simu. Jirani akavipiga vyeti picha upya na kuvituma kwa programu ya kutumiana ujumbe, lakini vikafika vimefifia. Mhuri ulionekana kama doa la wino. Dirisha la maombi lilifungwa saa sita usiku. Picha iliyosomeka ilifika kesho yake asubuhi.

Nasi tukiri kosa letu kabla hatujawanyooshea wengine kidole. Tangazo moja la ofisi yetu liliwahi kuwataka wananchi walete vielelezo vya “aina ya JPG, visivyozidi megabaiti moja”, bila kueleza hata kwa sentensi moja JPG ni nini, megabaiti moja ni kiasi gani, wala mtu afanye nini ikiwa picha yake haiko hivyo. Mwananchi aliyeachwa bila maelezo hutafuta msaada kokote atakakoupata, na mara nyingi huupata katika ukurasa wa kwanza anaoletewa na mtandao. Mazungumzo haya ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Picha ni nini machoni pa simu

Picha ya simu ni mkusanyiko wa vidoa vidogo sana vya rangi viitwavyo pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000 ina pikseli milioni 12. Kila pikseli ikielezwa kwa ukamilifu, picha hiyo moja ingekuwa na uzito wa megabaiti zipatazo 36. Hakuna anayetaka kubeba mzigo huo, ndiyo maana zikabuniwa njia za kuibana picha. Kila njia ya kubana huzaa aina yake ya faili, nayo ndiyo wataalamu huiita umbizo.

JPEG, ambayo wengi huiandika JPG, imekuwapo tangu mwaka 1992 na hukubalika karibu kila mahali. Hubana kwa kutupa sehemu za picha ambazo jicho la binadamu halizioni kwa urahisi. PNG haitupi chochote, hivyo hufaa kwa maandishi na michoro, lakini picha iliyopigwa kwa kamera huwa nzito ikiwa PNG. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010. Ndiyo mnayoikuta mara nyingi mnapohifadhi picha kutoka tovuti, na fomu nyingi huikataa. HEIC ndiyo ambayo simu za iPhone zimekuwa zikiitumia tangu mwaka 2017. Huchukua nafasi ndogo, lakini vivinjari vingi na fomu nyingi haziwezi kuifungua. PDF si picha hasa, bali ni karatasi ya kidijiti inayoweza kubeba picha moja au nyingi kwa mpangilio.

Kutokana na hayo kuna makosa matatu tunayokutana nayo kila wakati.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa kubadili jina ni kubadili aina. Mtu huchukua faili linaloishia na “heic” akaandika “jpg” mahali pake. Ndani hapakubadilika kitu. Ni sawa na kuandika “mtama” juu ya gunia la uwele. Fomu huenda ikalikataa, na hata ikilipokea, afisa atakapolifungua huenda asione kitu.

Kosa la pili ni kubana na kubana tena. Picha ya JPEG inapofunguliwa na kubanwa upya, hupoteza kitu kila mara. Sisi wa Dodoma tunalijua somo hili kupitia zabibu: zabibu ikishakaushwa, hata ukiimwagia maji haiwi tena ile ya shambani. Vivyo hivyo, kuigeuza JPEG iliyofifia kuwa PNG huongeza uzito wake tu. Hakurudishi mhuri uliopotea. Kila mara rudi kwenye picha ya awali, ubadili kutoka hapo.

Kosa la tatu ni kupunguza ubora mahali pa kupunguza ukubwa. Cheti cha ukubwa wa karatasi ya A4 kinasomeka vizuri kikiwa na pikseli zipatazo 1,240 kwa 1,754, yaani kama milioni 2.2. Kamera imekupa milioni 12. Kwanza ondoa meza na kitambaa vinavyoonekana pembeni mwa cheti, kisha punguza vipimo. Ukipunguza upana na kimo kwa nusu, pikseli hubaki robo. Baada ya hapo huenda usihitaji kugusa ubora kabisa, na mhuri utabaki mhuri.

Kubadili: kazi inafanyika wapi?

Sasa tunafika penye moyo wa mazungumzo yetu. Kurasa za kubadili picha katika kivinjari ni za namna mbili, na kwa macho zinafanana.

Namna ya kwanza hufanya kazi ndani ya simu yako. Ukurasa hukuletea maelekezo, kivinjari huifungua picha katika kumbukumbu ya simu, huichora upya na kukupa faili jipya. Picha haitoki mkononi mwako. Namna ya pili huipakia picha kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine, ambayo huenda iko nchi usiyoijua. Huko hubadilishwa na kurudishwa kwako. Nakala iliyobaki kule iko chini ya uamuzi wa mwenye seva. Wapo wanaoahidi kuifuta baada ya muda mfupi, na wapo wanaotimiza ahadi. Wewe huna njia ya kuhakikisha.

Kwa picha ya ng'ombe au ya ua, tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kwa picha ya kitambulisho cha Taifa, yenye jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba yako, sura yako na saini yako, tofauti hiyo ni kubwa. Ni kweli kwamba usajili wa laini za simu nchini kwetu hutumia alama za vidole, hivyo nakala ya kitambulisho pekee haitoshi kusajili laini kwa jina lako. Lakini tapeli hahitaji daima kusajili laini. Humtosha kukupigia akikutajia majina yako yote matatu na namba yako ya kitambulisho, nawe ukaamini kuwa anayezungumza ni mtumishi wa benki.

Utazitofautishaje namna hizo mbili? Ipo njia ambayo haihitaji elimu ya kompyuta. Fungua ukurasa na usubiri upakuliwe wote. Kabla ya kuchagua picha, washa hali ya ndegeni na uhakikishe kuwa Wi-Fi nayo imezimwa. Sasa chagua picha isiyo na siri yoyote, tuseme picha ya kikombe, na uibadili. Kazi ikikamilika na faili likashuka, ubadilishaji umefanyika ndani ya simu. Kazi ikikwama, huenda ukurasa ule ulikuwa ukitaka kuipeleka picha yako mahali.

Tuseme pia kuwa njia hii ina mpaka wake. Ukurasa wenye hila unaweza kuishikilia picha na kuituma mtandao unaporudi. Kwa hiyo, ukitumia ukurasa usioufahamu kwa hati nyeti, maliza kazi ungali katika hali ya ndegeni, hifadhi faili lako, funga ukurasa, futa data ya tovuti hiyo katika mipangilio ya kivinjari, ndipo uwashe mtandao.

Lililo bora zaidi ni kutohitaji ukurasa wa mtu yeyote. Simu nyingi za Android zinaweza kuigeuza picha kuwa PDF zenyewe: fungua picha, chagua kuchapisha, na mahali pa kuchagua printa uchague kuhifadhi kama PDF. Kwenye iPhone, programu ya Madokezo na ile ya Mafaili zina kifaa cha kuskani kinachotoa PDF moja kwa moja, na mipangilio ya kamera inaruhusu kuchagua aina inayokubalika kwingi ili picha zipigwe kwa JPEG tangu mwanzo. Hakuna bando linaloliwa hapo, wala nakala inayobaki kwa mtu usiyemjua.

Habari ya bando nayo ina uzito wake. Picha kumi za megabaiti 4 kila moja zikipakiwa kwenye seva ni megabaiti 40 zilizotoka, kabla hata hujapakua zilizobadilishwa. Ukurasa unaofanya kazi ndani ya simu hauli kiasi hicho. Lakini hutumia kumbukumbu: ile picha ya pikseli milioni 12, ikifunguliwa ndani ya kivinjari, hukalia megabaiti zipatazo 48 hata kama faili lake ni megabaiti 4. Ukichagua picha kumi kwa mpigo, simu hulazimika kutafuta karibu megabaiti 480. Ndiyo sababu katika simu ndogo ukurasa hujifungua upya ghafla na kazi ikapotea. Badili moja moja, nawe utafika.

Kuhifadhi: kivinjari si ghala

Turudi kwa binti yetu. Ukurasa haukumdanganya ulipoandika kuwa kazi imehifadhiwa. Iliwekwa kweli. Lakini iliwekwa ndani ya kivinjari, na kivinjari si ghala, ni kibaraza. Unaweza kutua mzigo kibarazani wakati unafungua mlango. Huwezi kuulaza hapo mzigo msimu mzima.

Kila tovuti hupewa na kivinjari sehemu yake ndogo ya kuwekea vitu. Sehemu hiyo ina tabia ambazo mtumiaji anapaswa kuzifahamu.

Picha iliyowekwa humo haionekani katika matunzio ya picha ya simu, wala haihamii unapofungua tovuti ile ile kwa kivinjari kingine. Ukikiondoa kivinjari kwenye simu, nayo huondoka. Ukichagua kufuta vidakuzi na data ya tovuti, nayo hufutika. Ukiwa katika hali fiche, hufutika mara unapofunga dirisha la mwisho la hali hiyo. Na nafasi ya simu inapokuwa finyu, kivinjari chenyewe kinaweza kuondoa data ya tovuti ambazo hazijatumika kwa muda mrefu, bila kuomba ruhusa yako.

Kwa watumiaji wa iPhone lipo jambo la ziada. Tangu mwaka 2020, kivinjari cha Safari hufuta data iliyowekwa na tovuti ikiwa umekitumia kivinjari kwa siku saba bila kuigusa tovuti ile. Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, kuzuia kampuni zinazofuatilia nyendo za watu mtandaoni. Lakini kwa mwombaji aliyeandaa vyeti Jumatatu akapanga kurudi baada ya wiki mbili, matokeo yake ni kibaraza kitupu.

Aidha, kurasa nyingine huihifadhi picha kwa kuigeuza kuwa mfululizo mrefu wa herufi. Picha ikigeuzwa hivyo, uzito wake huongezeka kwa theluthi moja, na sehemu ya kivinjari inayotumika kwa kazi hiyo kwa kawaida haizidi megabaiti 5 kwa tovuti moja. Picha ya megabaiti 4 hufikia megabaiti 5.3, nayo haitoshei. Ukurasa uliotengenezwa vizuri utakuambia. Uliotengenezwa ovyo utanyamaza, nawe utaondoka ukiamini kuwa umehifadhi.

Basi kanuni yetu ni moja: kazi haijahifadhiwa mpaka faili limeshuka. Bonyeza kitufe cha kupakua. Fungua folda ya vipakuliwa, ulione faili kwa macho yako, ulifungue, usome jina lako na mhuri. Lipe jina linaloeleweka, kama vile “cheti-kidato-cha-nne”, badala ya msururu wa namba. Kisha weka nakala ya pili nje ya simu hiyo: katika kadi ya kumbukumbu, katika flashi unayoitunza mwenyewe, au katika akaunti yako ya mtandaoni yenye nenosiri imara. Na picha ya awali usiifute mpaka maombi yako yamepokelewa.

Steshenari na simu za kuazima

Hatuwezi kuzungumza juu ya vyeti bila kuzitaja steshenari. Hizi ni nguzo ya mji wetu. Pasipo hizo, wengi wasingefikisha maombi yao. Tunaowapongeza ndio tunaowaomba pia.

Mteja anapokuletea picha ya cheti kwenye kompyuta yako, nakala hubaki katika folda ya vipakuliwa, na pengine ndani ya kivinjari. Anayekuja baada yake anaweza kuikuta. Tunawaomba wenye steshenari wafute mafaili ya mteja mbele ya macho yake kazi inapokwisha, na wamwaga pia sehemu ya vilivyofutwa. Nanyi wateja, msione aibu kulidai hilo. Msiache akaunti zenu zikiwa wazi. Mkituma cheti kwa programu ya kutumiana ujumbe, kitumeni kama hati, si kama picha, ili kisibanwe kikafifia njiani, kama kilivyofifia kile cha kutoka Kondoa.

Na simu inayotumiwa na familia nzima ipangiwe utaratibu. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu aulize kwanza. Mdogo wa yule binti hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa katika kufuta “data” angeweza kufuta kazi ya dada yake.

Haki zenu kisheria

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayekusanya taarifa zako sharti awe na lengo halali na la wazi, akusanye zile tu zinazohitajika kwa lengo hilo, na asizikalie kupita muda unaohitajika. Wewe una haki ya kujua zinatumikaje, ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa, na ya kulalamika kwa Tume unapoona zimetumiwa visivyo.

Haki hizo zinamhusu mwenye duka la mtaani kama zinavyoihusu taasisi kubwa. Lakini tuwe wakweli: ukurasa usio na jina la mwenyewe wala anwani, unaoendeshwa kutoka mbali, si rahisi kuufikia kwa barua ya malalamiko. Ndiyo maana tunatilia mkazo tahadhari kabla ya dawa.

Ukihisi kuwa picha ya kitambulisho chako imefika isipopaswa, piga *106# uone namba zote za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa laini hiyo uikane rasmi. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040. Na mtu akikupigia akitaja taarifa zako sahihi, usahihi wake usikufanye umwamini.

Maswali tuliyoulizwa

Mzee mmoja alituuliza: “Wanangu, mimi simu yangu nafunguliwa na mjukuu. Nitajuaje kama picha yangu imetoka au haijatoka?” Tulimjibu: Mzee wetu, si lazima ujue mambo ya ndani ya simu. Mwambie mjukuu wako maneno mawili tu: “Zima mtandao kwanza.” Kama kazi haiwezekani bila mtandao, aache, mtafute njia nyingine.

Mama mmoja mfanyabiashara aliuliza kama picha za bidhaa zake nazo zina hatari. Tulimweleza kuwa picha ya simu inaweza kubeba ndani yake, bila kuonekana, saa iliyopigwa na mahali ilipopigwa. Kubadili picha ndani ya kivinjari mara nyingi huviondoa vitu hivyo, lakini si kila mara. Aliye na hofu ya watu kujua anapoishi na azime ruhusa ya mahali katika kamera yake.

Kijana mmoja akauliza: “Ninyi wa Serikali mnataka PDF, mara JPG, mara kilobaiti mia tatu. Kwa nini msikubali picha kama ilivyo?” Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Tulimjibu kuwa ofisi inayopokea maelfu ya maombi hulazimika kuweka kiasi. Hata hivyo, kuweka kiasi bila maelekezo ni kumsukuma mwananchi kwenye kurasa asizozijua. Tumelichukua, na tangu siku ile matangazo ya ofisi yetu yanayodai kielelezo huambatana na maelezo ya namna ya kukiandaa kwa simu yenyewe.

Tunalolitaka mwondoke nalo

Ndugu zetu wa Makole, tumesema mengi. Mkiyasahau mengine yote, msisahau maswali mawili. Kabla ya kuibadili picha ya hati yako, jiulize: inakwenda wapi? Na baada ya kuibadili, jiulize: inalala wapi? La kwanza hujibiwa na hali ya ndegeni. La pili hujibiwa na folda ya vipakuliwa na nakala ya pili iliyo nje ya simu.

Yule binti aliomba tena nafasi nyingine ilipotangazwa. Safari hii alikwenda Kondoa mwenyewe, akavipiga vyeti picha juani penye kivuli chepesi, akazigeuza kuwa PDF ndani ya simu, akaweka nakala katika flashi aliyomwachia mama yake pamoja na vyeti halisi. Hatujui kama ataitwa kwenye usaili. Hilo liko mikononi mwa wengine. Lakini hatakosa tena kwa sababu ya kibaraza kitupu, na hilo ndilo tunalowatakia ninyi nyote.